Kiti cha Ubeti wa Tatu

Bendi ya Karakana ilikuwa na desturi moja ambayo wanamuziki wengine waliiona wazimu: mwenzao akifa, hawakuweka mtu mwingine mahali pake. Wimbo ukifika kwenye kipande alichokuwa akipiga marehemu, waliobaki walishusha vyombo, wakahesabu mapigo kimoyomoyo, wakakiacha kipande kile kipite kitupu. Kikishapita waliendelea na wimbo wao, kama watu waliompisha mgeni njiani. Vipande hivyo waliviita viti. Palikuwa na kiti cha Fundi Saa, mpiga gitaa la solo, na palikuwa na kiti cha mpiga tarumbeta, ambaye ndiye aliyekuwa baba yake Waya.

Waya alikuwa na jina lake zuri tu kwenye vyeti, lakini tangu awe fundi mitambo ya muziki jina hilo lilibaki kwa watu wa benki. Alikuwa na miaka arobaini na minne, vidole vyenye makovu ya kuchomelea nyaya, na masikio ya kusikia mbu akikohoa chumba cha pili. Hakuwa na mume wala mtoto, na aliyemuuliza kwa nini alijibiwa kwamba kelele za spika zinamtosha. Wikiendi hiyo alifunga mitambo bure na kwa moyo mweupe, maana Jumapili mama yake alikuwa anatimiza miaka sabini.

Mama alikuwa mwimbaji wa bendi hiyo kwa miaka ishirini na zaidi. Aliacha kuimba mumewe alipofariki, halafu moyo wake nao ukaanza ukorofi, daktari akamwambia ngazi apande polepole na hasira azipunguze. Ngazi alizipunguza. Watoto walipomuuliza anataka zawadi gani, alikuwa na jibu tayari.

"Msininunulie vikombe. Kabati limejaa vikombe, utadhani nafungua hoteli. Nataka kuimba na Karakana. Wimbo mmoja tu, ule wa kufungia."

Basi wakapanga. Ijumaa jioni bendi ifanye mazoezi peke yake, Jumamosi mama aje ajaribu sauti, Jumapili mchana iwe sherehe yenyewe. Dada mkubwa wa Waya, ambaye ni fundi cherehani, alishona gauni la mama na kuagiza keki. Ukumbi walioupata ulikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, chumba kirefu chenye madirisha ya vioo na harufu ya rangi iliyopanda kutoka chini.

Ijumaa hiyo Waya alikaa mwisho wa ukumbi, nyuma ya miksa, ile mashine inayopokea sauti zote kabla ya kuzipeleka kwenye spika. Kila chombo kina njia yake kwenye miksa, na kila njia ina mstari wa taa ndogo za kijani zinazopanda chombo kikilia. Jukwaani walikuwa wazee watatu, ndio waliobaki. Kapteni alishika gitaa la besi. Zamani alikuwa mtunza stoo wa ile karakana ya malori ambamo bendi ilizaliwa. Kinyozi, ambaye kweli ni kinyozi, alikaa kwenye dramu. Kwenye kinanda alikuwa Dogo, mwenye miaka sitini na mitatu na kipara kinachong'aa, aliyeitwa Dogo kwa sababu alijiunga wa mwisho.

Njia ya tano ya miksa Waya aliiacha wazi siku zote. Ilikuwa ya tarumbeta. Hapakuwa na waya uliochomekwa hapo wala maiki, lakini kila wimbo ulipofika kwenye kiti cha baba yake, taa za njia ya tano zilipanda mbili, tatu, zikatetemeka, kisha zikashuka kiti kilipokwisha. Kwa miaka tisa Waya alijiambia kuwa ni umeme unaovuja. Fundi mwenzake yeyote angemcheka, maana umeme unaovuja haujui kuhesabu mapigo. Njia ya sita, ya Fundi Saa, nayo ilikuwa hivyohivyo. Hakuwahi kumwambia mtu. Kusema kweli jambo hilo lilimfariji, akawa anaingojea njia ya tano kama mtu anayengoja simu.

Wimbo wa kufungia ulikuwa wa kuitana na kuitikiana. Mama anaita, wanaume wanaitikia, beti tatu, kisha mama anaufunga kwa mstari wake wa mwisho. Jioni hiyo Dogo aliimba sehemu za mama kwa mdomo uliofumba ili wapate njia. Ubeti wa kwanza ulipita vizuri. Wa pili ukapita, na kiti cha baba ndani yake, na taa za njia ya tano zikapanda kama kawaida. Wakaingia ubeti wa tatu. Katikati yake wazee wote watatu walinyamaza.

Walinyamaza kwa pamoja, kama waliokatwa kwa kisu kimoja. Vidole vya Kapteni vilisimama juu ya nyuzi. Kinyozi alibaki na fimbo za dramu hewani. Waya aliangalia miksa na nywele zikamsimama: taa zote zilikuwa zimezimika, hata ya tano, hata ya sita, hata ule mvumo mdogo ambao spika huwa nao kila wakati. Kwenye viti vya marehemu palikuwa na kitu. Hapa hapakuwa na kitu chochote. Yalipita mapigo kumi na sita, kisha wote watatu wakaanza tena papo hapo, wakamaliza wimbo.

"Nani amesimamisha?" aliuliza Kinyozi.

"Si wewe?" alisema Dogo. "Mimi nimekufuata wewe."

"Mimi? Mikono imegoma yenyewe, bwana. Nimeiambia piga, haikupiga."

Kapteni alivua gitaa polepole, akalilaza kwenye kiti chake.

Hakuna aliyehitaji kueleza, kwa sababu jambo hilo lilishawatokea mara mbili. Mara ya kwanza baba yake Waya alikuwa mazoezini, mzima kama chuma, wimbo ulipofika kwenye kipande chake akajikuta ameteremsha tarumbeta na hajui kwa nini. Siku mbili baadaye walipiga mbele ya watu, kipande kikapita kitupu vilevile, watu wakakisikia. Kesho yake alianguka bafuni, akafa. Fundi Saa naye vivyo hivyo: mazoezini vidole vilimgomea, kwenye onyesho vikamgomea tena, na kabla jua la kesho yake halijachwa walikuwa wanatafuta sanda. Ndipo bendi ikaanza desturi yake. Waliona kwamba viti hivyo havikuwa vyao kuvijaza.

Waya aliacha miksa yake akaenda jukwaani.

"Kapteni, niambie ukweli. Ni cha mama?"

Kapteni alimtazama Waya kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, kisha akatazama sakafu. "Mazoezi hufungua kiti," alisema. "Watu wakishakisikia, ndipo hukaliwa. Ndivyo nilivyoona mimi. Zaidi ya hapo sijui, mwanangu."

"Basi tusiupige wimbo huo Jumapili."

"Nenda kamwambie mama yako asiimbe siku yake ya kuzaliwa. Ukirudi na meno yako yote, njoo tuongee."

Hapo Waya alijua hana msaada. Ni nani mwingine kama si mama? Wazee watatu walikuwa wamesimama pale wakipiga, na kila mmoja kipande chake kilikuwa kizima katika wimbo mzima. Aliyekuwa hayupo ni mmoja, na huyo alikuwa na miaka sabini kasoro siku mbili na moyo wa kubembelezwa kwa vidonge. Alikunja nyaya zake huku analia, na alilia waziwazi, kwa kamasi, hakujali wazee wanaomtazama. Alipomaliza alikuwa na mpango. Swichi kuu ya ukumbi ilikuwa ukutani, hatua moja kutoka kwenye miksa. Jumapili, wimbo ukikaribia kiti kile, angezima umeme wote. Watu wangesema umeme umekatika, nani atashangaa umeme kukatika? Wimbo ungeishia hapo, kiti kisisikike, na mama angekata keki bila umeme akiwa hai.

Jumamosi mama alikuja kujaribu sauti. Alipanda ngazi za duka akipumzika kila baada ya tatu, mkoba mkononi, na alipofika juu alisalimia spika kwanza kabla ya watu.

"Shikamoo shemeji," alisema Dogo, akimtania, maana mama alimzidi miaka saba tu.

"Marahaba, mtoto wangu. Bado hujaota nywele?"

Walicheka, lakini kicheko kilikuwa chembamba. Wakaanza wimbo. Sauti ya mama ilikuwa imeshuka na ilikuwa na mchanga kidogo, ila ilikwenda pale alipoituma. Waya hakuangalia miksa. Aliangalia kifua cha mama kikipanda na kushuka, akingoja ubeti wa tatu kama mtu anayengoja kuchomwa sindano. Ukafika. Kiti kikafunguka. Kimya kile kilipita juu ya ukumbi, kizito, na hata mashine ya kukatia mbao dukani chini ilisikika imetulia. Kisha wimbo ukaendelea.

Mama hakuuliza nani amesimamisha. Aligeuza kichwa akamtazama Waya kule mwisho wa ukumbi, macho yamekodoka, na uso wake ulikuwa umepauka kama majivu. Alishika kifua. Waya alimkimbilia na glasi ya maji.

"Si kitu," alisema mama. "Kapteni, turudie ubeti wa tatu."

Wakarudia. Ikawa vilevile. Mama akawaomba warudie tena, na safari hii alisikiliza amefumba macho, midomo inahesabu. Baadaye alimvuta Kapteni kwenye kona, wakazungumza kwa kunong'ona, Kapteni akitikisa kichwa kukataa, mama akimpiga kidole kifuani. Mwishowe Kapteni alikubali jambo fulani, akaenda dirishani akakaa huko amewapa watu mgongo.

Tangu hapo mama alibadilika. Waya alipanda ngazi kufunga taa za jukwaa, mama akapiga ukelele uliowashtua hata wateja wa dukani.

"Shuka! Shuka sasa hivi, mtoto wewe!"

"Mama, ndiyo kazi yangu. Nimepanda ngazi kama hizi miaka ishirini."

"Na leo hupandi. Nimesema shuka, au nije kukushusha mwenyewe na moyo wangu huu?"

Waya alishuka, maana hilo la moyo lilikuwa tishio lisilo na jibu. Kinyozi alipopanda badala yake, akiwa amevaa glavu kwa woga wake wa umeme, aliita kutoka juu kwamba waya wa taa ya tatu umechunika na shaba iko nje, na mkono wa mtu usio na glavu ungekwenda palepale. Waya alishangaa, kwa kuwa waya huo aliukagua Ijumaa kwa mikono yake. Alicheka, akasema kila fundi ana siku yake. Mama hakucheka.

Jioni ilipofika mama aliomba funguo za gari la Waya, akazitumbukiza kwenye mkoba wake, akasema kila mtu atarudi kwa miguu, ni karibu. Njiani alimpitisha Waya upande wa ukuta, yeye akakaa upande wa barabara. Nyumbani alimwambia alale kitandani kwake. Waya naye hakuwa na habari ya kulala penginepo: alikuwa amepanga kumhesabia mama vidonge, kumpimia chumvi na kumsikiliza akipumua. Walizungukana nyumba nzima, huyu akienda jikoni yule nyuma yake, huyu akisema kaa yule akisema kaa wewe. Dada mkubwa, aliyekuwa akimalizia pindo la gauni, aliweka sindano chini.

"Ninyi wawili mmekuwa polisi na mahabusu," alisema. "Tatizo sijui nani ni nani."

Waya alidhani mama anaogopa kufa na hataki kuwa peke yake, na hilo lilimuuma mno. Alimkumbatia mgongo kitandani kama alipokuwa mdogo. Mama alimshika mkono akaubana, na hakuulegeza mpaka asubuhi.

Jumapili jua lilikuwa kali na ukumbi ulijaa: majirani, wateja wa dada, wapwa na binamu, wazee waliowahi kucheza muziki wa Karakana viuno vikiwa bado na heshima yake. Watoto walipigana vikumbo chini ya meza. Mama aliingia na gauni la rangi ya zambarau, watu wakasimama, akawaambia wakae, hajawa rais. Alikula kidogo, akacheza na kila mjukuu, akapigwa picha mpaka mpiga picha akaomba yeye apumzike. Aliyemtazama bila kujua angeapa kwamba hajawahi kumwona mtu mwenye furaha kama ile. Waya alimtazama akijua, na kila mara mama alipocheka yeye alitamani kulia.

Bendi ilipiga saa nzima. Viti vya marehemu vilipita, na wazee ukumbini waliinamisha vichwa kwa heshima, wengine wakifuta macho. Taa za njia ya tano zilipanda. "Baba," Waya alinong'ona, "kama una lolote la kufanya, lifanye leo." Kisha Kapteni alimkaribisha shemeji yake jukwaani na ukumbi ukalipuka kwa vigelegele.

Mama alishika maiki. Aliita, wanaume wakaitikia. Ubeti wa kwanza, wa pili. Waya alisimama, akarudi nyuma hatua moja, akaweka mkono kwenye swichi kuu. Ubeti wa tatu ukaanza na mama akavuta pumzi ya kuita, na hapohapo Waya akazima.

Gitaa la besi lilikufa, kinanda kikafa, spika zikakata. Watu wakaguna kwa pamoja. Lakini dramu haili umeme. Kinyozi, aliyekuwa amefumba macho, aliendelea kupiga polepole, na juu ya dramu ile sauti ya mama iliendelea, tupu, bila mashine yoyote. Haikutetemeka hata kidogo. Watu waliacha kuguna na hata watoto wakatulia, na kwa sababu ya utulivu ule Waya alisikia kitu ambacho siku mbili hizo hakukisikia kwa kukodolea macho kifua cha mtu.

Mama alimaliza mstari wake. Aliumaliza wote, mpaka neno la mwisho, na neno hilo lilikaa mahali pake. Kiti kilikuwa bado hakijaanza. Kwa hiyo hakikuwa cha mama. Kilikuwa cha anayeitikia.

Na ubeti wa tatu, hapo mwanzo kabisa, hawakuitikia wanaume. Waya aliikumbuka kreti ya soda aliyosimamishwa juu yake ili aifikie maiki, akiwa na miaka minane, siku bendi iliporekodi wimbo ule. Baba alimwekea mkono kichwani akimgongea mapigo kwa kidole. Kinyozi na Dogo walikuwa hawajajiunga bado. Waya aliitikia ubeti ule peke yake, mara moja studio na mara chache mbele ya watu, kisha akapenda mitambo kuliko kuimba, na wanaume wakamshikia sehemu yake kwa miaka thelathini na sita mpaka yeye mwenyewe akasahau kwamba iliwahi kuwa yake. Kapteni hakusahau. Mama je? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Alitaka kupaza sauti aitikie mwenyewe, ajaze kiti chake, lakini sauti ilimgomea, kama vidole vilivyomgomea Fundi Saa. Dramu nayo ilinyamaza. Kimya kile cha Ijumaa kilianza kushuka juu ya ukumbi.

Mama akaitikia.

Aliimba mstari wa mtoto, na aliuimba kwa sauti ya mtoto. Haikuwa sauti ya kuigiza. Mchanga wote ulikuwa umetoka ndani yake; ilikuwa nyembamba, safi, yenye kile kithembe cha pengo la meno ya mbele ambalo Waya alikuwa nalo mwaka ule. Dada mkubwa aliachia sahani ikaanguka. Mapigo kumi na sita yote, mama aliyajaza moja moja, macho yake yakiwa kwa Waya na hayaondoki. Hapakubaki hata upenyo wa kupitisha wembe.

Kisha ukafika mstari wake yeye, ule wa kufungia wimbo, ambao kila mtu mzima ukumbini aliujua. Kinyozi alianza tena dramu kumngoja. Mama alifunga mdomo. Alisimama akitabasamu, mikono ameilaza mbele ya gauni lake la zambarau, na mstari wake ulipita mtupu mbele ya watu mia na zaidi, wakiusikia. Kapteni alikuwa ameficha uso kwenye kiwiko. Mstari ulipokwisha mama aliinua kiganja, ishara ya mwimbaji kwamba wimbo umefika mwisho, na Kinyozi akapiga pigo la mwisho.

Watu walipiga makofi mpaka madirisha yakatetemeka. Walidhani ni ufundi. Waya alipita katikati yao akisukuma viti vya watu, akafika jukwaani hana pumzi.

"Rudisha umeme," alisema mama. "Watu wanataka keki."

Alikata keki mwenyewe, akamlisha kila mjukuu kipande, akaomba na cha kwake akakimaliza. Akasema amechoka kidogo. Waya alimpeleka kwenye chumba kidogo nyuma ya jukwaa kilichokuwa na kochi, akamlaza, akamtuma dada alete gari mlangoni waende hospitali. Mama alitoa funguo kwenye mkoba bila ubishi, na kule kuzitoa bila ubishi ndiko kulikomtisha Waya kuliko yote.

"Kwa nini, mama?"

"Kwa nini nini? Leo ni siku yangu ya kuzaliwa. Siwezi kuimba ninachotaka?"

"Ulijua tangu jana. Ulijua ni changu, ukakaa kimya."

"Na wewe ulijua tangu juzi ni changu, ukaenda kushika swichi." Mama alicheka kidogo, kicheko kikamletea kikohozi. "Tumefanana. Baba yako alikuwa akisema."

"Mimi ndiye mwenye kile kiti, mama! Hukuniuliza!" Waya alikuwa anapiga kelele sasa, kwa hasira, hasira ya kweli kweli ambayo hakuwahi kumwonyesha mama yake maishani. "Hukuniuliza kama nataka!"

Mama aligeuza uso akamtazama kwa mshangao.

"Nilipokuzaa nilikuuliza?"

Nje, chini ya dirisha, wazee wa Karakana walikuwa wanapakia dramu kwenye gari, Dogo akimgombeza Kinyozi kwamba ameshika upande mwepesi. Mama aliwasikiliza kidogo, kisha akafumba macho, akanyoosha miguu juu ya kochi.

"Nivue viatu," alisema. "Dada yako kaninunulia viatu vya kunyongea watu."

Waya alipiga magoti. Vilikuwa viatu vya mikanda, na vifundo vya miguu vilikuwa vimevimba, mkanda umezama kwenye nyama. Alianza na cha kushoto. Alikuwa bado anafoka, akisema kwamba hospitali wataenda hata kama ni kwa kubebwa mgongoni, kwamba kuanzia kesho atahamia nyumbani na kulala mlangoni, kwamba hajamsamehe na asidhani keki imemaliza maneno. Mkanda ulilegea, kiatu kikatoka, mama akashusha pumzi ya raha. Waya akahamia cha kulia. Huo mkanda ulikuwa mkaidi zaidi, akauinamia, akauliza kama anamuumiza.

Chini dada alipiga honi ya gari mara mbili. Waya aliuliza tena, kwa sauti ndogo. Kisha hakuuliza tena. Aliendelea na kifungo mpaka kikafunguka, akakitoa kiatu taratibu bila kuukwaruza mguu, akavipanga viatu vyote viwili chini ya kochi, cha kushoto kushoto na cha kulia kulia.